Bunduki ya babu ina kutu? Usikimbilie msasa

Bunduki ilifika nyumbani kwetu Seeb siku ya Ijumaa baada ya sala, imeviringishwa ndani ya blanketi la kijivu. Aliyeileta ni ndugu yetu wa Ibra, mjukuu wa kaka yake babu. Akaiweka juu ya zulia, akala tende, akanywa kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonesha imetosha. Ndipo akasema kwa Kiarabu: "Hii yenu. Marehemu baba aliusia irudi kwenu."

Tulipolifungua blanketi hakuna aliyesema neno. Chuma chote kilikuwa chekundu kwa kutu. Mbao zilikuwa nyeusi kwa uchafu na mafuta ya miaka. Wenzo wa chini, ule wa kufungulia, ulikuwa umeganda, haupandi haushuki. Mwanangu mkubwa, ambaye arusi yake ilikuwa imebakia wiki tatu, akainyanyua akaipima uzito mikononi. "Baba, nikiing'arisha hii, naingia nayo kwenye razha siku ya arusi."

Ami yangu, mzee wa miaka 80, alimtazama tu. "Mwanangu, kwanza ijue ni kitu gani. Kung'arisha baadaye."

Lau tungemsikiliza tangu siku ile, tusingepata hasara nitakayoieleza hapa. Naandika kwa sababu najua nyumba nyingi za jamaa zetu zina kitu kama hiki juu ya kabati au nyuma ya mlango wa stoo. Na kila nyumba ina kijana mwenye msasa na haraka.

Imetoka wapi?

Bunduki yenyewe ni Martini-Henry. Jeshi la Uingereza liliichukua rasmi mwaka 1871. Jina ni la watu wawili: Friedrich von Martini, ambaye mtambo wake ndio unaofungua na kufunga, na Alexander Henry, fundi wa Edinburgh aliyebuni mtutu wenye mifuo saba kwa ndani. Inapiga risasi moja moja. Unashusha wenzo, kipande cha chuma kinainama, unatia risasi, unarudisha wenzo, basi iko tayari. Urefu wake ni kama mita moja na robo, uzito kilo nne hivi.

Zilifikaje milimani Oman? Waingereza walipohamia bunduki mpya kuanzia 1888, Martini zikajaa sokoni. Mwaka 1890 dola kubwa zilitia saini mkataba wa Brussels uliozuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, Zanzibar ikiwemo. Maskati haikuwemo ndani ya mipaka ya mkataba ule. Basi biashara ikashamiri Maskati. Bunduki zilishushwa bandarini, nyingi zikavushwa kwenda Makran na Uajemi mpaka Afghanistan, na nyingine zikapanda juu ya ngamia kwenda bara Oman. Iliendelea hivyo mpaka 1912, Sultan Faisal bin Turki alipoweka ghala maalumu ili biashara ya silaha ipite humo na idhibitiwe.

Katika bara Oman, Martini ilichukua nafasi ya zile bunduki za fatila za zamani. Ilikuwa ya kulinda shamba la mitende, ya kubeba kwenye msafara, na ya kuwindia. Babu yetu alikuwa mwindaji. Alipanda nayo milima ya Sharqiyah kutafuta paa na waal, yule mbuzi wa milimani ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Oman na Emirati. Leo wanyama hao wanalindwa na sheria, na vizuri hivyo. Choroa mweupe wa Arabuni alimalizwa na wawindaji, wa mwisho porini akapigwa Jiddat al-Harasis mwaka 1972. Miaka 10 baadaye ndipo Oman ikaanza kuwarudisha jangwani choroa waliozaliwa kwenye mabustani ya wanyama. Kwa hiyo hatukuitengeneza bunduki hii ili iwinde tena. Kazi hiyo imekwisha.

Visa viwili vya bunduki moja

Miaka ya 1930 babu alishuka Sur, akapanda jahazi na upepo wa kaskazi kwenda Unguja. Nauli hakuwa nayo. Kaka yake akampa fedha, na babu akaiacha bunduki Ibra. Mpaka hapo nyumba zote mbili zinakubaliana. Kuanzia hapo kila nyumba ina kisa chake.

Nyumbani kwetu, Unguja na baadaye hapa Maskati, tulihadithiwa kwamba bunduki iliwekwa rahani. Babu alituma rupia kuikomboa, na haikurudi. Bibi alikuwa akisema waziwazi: "Ile bunduki kadhulumiwa." Kwa ndugu zetu wa Ibra kisa kilikuwa kingine, kwamba babu aliondoka, akaoa, akapata karafuu, akawasahau waliobakia. Babu alifia Unguja. Sisi tuliporudi Oman baada ya 1970, tulizikana, tukaozana, tukapeana salamu za Idi. Lakini bunduki haikutajwa. Ukiitaja, kahawa inapoa.

Kwa hiyo ilipofunguliwa lile blanketi, kilichokuwa mbele yetu hakikuwa chuma na mbao tu.

Kwanza polisi, kisha mtutu

Niseme jambo la kwanza kabla ya mafuta na brashi. Oman, bunduki haikai nyumbani bila leseni ya polisi, hata iwe ya babu wa babu. Ndugu yetu wa Ibra alikuwa muungwana. Alianza na karatasi, tukaenda polisi pamoja, na bunduki haikutoka Ibra mpaka ruhusa ilipokamilika. Ukikuta silaha kwenye urithi, usiitie kwenye gari ukaanza kuzunguka nayo. Piga simu polisi, uliza utaratibu, ufuate. Na nyinyi mlioko nchi nyingine, kila nchi ina sheria yake. Usijaribu kusafiri nayo kwenye ndege, wala kipande chake.

Jambo la pili, hakikisha haina kitu ndani. Baruti ya zamani haifi kwa uzee. Risasi ya miaka 100 inaweza kulipuka leo. Yetu ilikuwa imeganda, hatuwezi kuifungua tukaona. Ami akatufundisha njia ya wazee: chukua ufito wa mbao, simama kando ya mdomo wa mtutu, si mbele yake, uupenyeze taratibu mpaka ukome. Utie alama. Kisha uutoe, uulaze nje juu ya mtutu, uone umefika wapi. Ukifika mwisho, mtutu ni mtupu. Ukiishia njiani, kuna kitu.

Wetu uliishia njiani.

Watoto wakatolewa chumbani. Hatukuchokoa, hatukugonga. Tuliifunga tena kwenye blanketi, tukampigia fundi wa silaha mwenye leseni, naye akaja na vifaa vyake. Akaulowesha wenzo kwa mafuta mepesi, akauacha siku nzima, ukaachia. Kilichokuwemo ndani kilikuwa ni nyumba ya nyigu, udongo mkavu kama kidole. Tulicheka sana, lakini fundi hakucheka. "Safari hii nyigu," alisema. "Mimi nimekuta risasi zaidi ya mara moja."

Fundi akatoa mtambo wa ndani, akatenganisha mbao na chuma. Sehemu hiyo mwachie fundi. Chemchemi ya ndani ina nguvu na skrubu za zamani hukatika. Akatuachia nyumbani kazi ya kutu na mbao, na onyo moja: tusiipige risasi hata moja, hata ikipendeza vipi. Mtutu ulioliwa na kutu kwa miaka hukuoneshi wapi umekuwa mwembamba.

Kosa letu

Sasa nieleze hasara yenyewe. Fundi mwengine sokoni alikuwa ameshamwambia mwanangu kwamba ataisaga kwa mashine na kuipaka nikeli iwe kama kioo, kwa siku mbili tu. Ami alikataa. Mwanangu akaona basi angalau aanze mwenyewe. Usiku mmoja akachukua msasa, akasugua ubavu wa kulia wa lile sanduku la chuma linalobeba mtambo. Kutu ikatoka, chuma kikang'aa. Akaja kunionesha kwa furaha.

Pale ubavuni ndipo bunduki hizi zilipoandikwa. Ukiwa na bahati utakuta taji, chini yake herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda, mwaka, na namba ya toleo. Maandishi hayo ndiyo yanayokwambia kama ni ya kiwanda cha Enfield, au ya wafanyabiashara wa Birmingham, au ni nakala iliyochongwa kwa mkono milimani huko mpakani mwa Afghanistan. Mafundi wa huko walikuwa hodari wa chuma lakini Kiingereza hawakijui, kwa hiyo utakuta herufi N imegeuzwa au neno Enfield limekosewa.

Yetu tulisoma taji, tukasoma Enfield, tukasoma 187, na tarakimu ya mwisho hakuna. Msasa ulikuwa umeila. Huenda ni 1874, huenda ni 1879. Haitajulikana tena, kwa sababu chuma kilichosagwa hakirudi.

Mwanangu alikaa kimya muda mrefu. Ami hakumgombeza. Alisema tu: "Kutu imekaa nayo miaka yote ile isiifute. Wewe umeifuta kwa usiku mmoja." Kuanzia hapo msasa ulitoka nyumbani, na tukakubaliana kwamba hatuifanyi iwe mpya. Tunaizuia isiendelee kuliwa, basi.

Namna ya kuondoa kutu bila kuondoa chuma

Hii ndiyo njia tuliyoifuata, kwa maelekezo ya fundi.

Kwanza, piga picha kila upande, kila herufi, kila mkwaruzo, kabla ya kugusa. Sisi tulianza kupiga picha baada ya kosa.

Pili, paka mafuta mepesi ya mashine, uache siku kadhaa, ukiongeza kila asubuhi. Mafuta yanapenya chini ya kutu na kuilegeza. Magamba manene yakwangue kwa kipande cha shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha pua, inakwangua kutu bila kuchimba. Kisha sugua polepole kwa sufi ya chuma laini kabisa, ile yenye namba ya sifuri nne, iliyoloweshwa mafuta. Vaa glavu na kitambaa cha pua, vumbi lile si zuri kifuani.

Tatu, chemsha. Hapa wengi hushangaa, maji si ndiyo yaliyoleta kutu? Lakini kutu nyekundu ikichemshwa kwenye maji safi yasiyo na chumvi hugeuka nyeusi, na kutu nyeusi imetulia, haili chuma kama nyekundu. Tatizo lilikuwa sufuria. Mtutu na sanduku lake ni karibu mita moja! Hata lile sufuria la biriani la arusi halikutosha. Tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea akatukunjia bati liwe hodhi jembamba, tukaliweka juu ya majiko mawili ya gesi uani.

Kabla ya kuchemsha, osha mafuta yote kwa sabuni, kwa sababu mafuta huyazuia maji yasifike kwenye chuma. Chemsha kama nusu saa. Ukiitoa, chuma ni cha moto na kinajikausha chenyewe. Ile nyeusi ya juu inakuwa kama vumbi la makaa, isugue kwa sufi safi isiyo na mafuta. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu hapakuwa na wekundu tena. Chuma kilikuwa cheusi cha kukolea, kina vishimo vyake, kina umri wake. Hapo hapo kabla hakijapoa kikapakwa mafuta.

Usitumie siki wala asidi. Kutu itatoka haraka, ni kweli, lakini chuma kitabakia kijivu na uchi, na hewa ya pwani itakirudia upesi. Na usikibabue kwa moto wa makaa wala gesi, moto huharibu ugumu wa chuma.

Mbao, na neno tulilolikuta

Mbao za bunduki hizi ni za mti wa jozi. Zetu zilikuwa na ufa shingoni, na mtu wa zamani aliuziba kwa kushonea ngozi mbichi iliyoloweshwa. Ngozi ile inapokauka hujikaza, ikabana kuliko gundi. Fundi alituambia tusiiguse. Matengenezo ya zamani nayo ni sehemu ya kitu.

Palipobonyea tuliweka kitambaa kibichi, juu yake pasi ya moto, mvuke ukaingia na mbao zikainuka kiasi. Mabinti walifurahi, maana hiyo ndiyo sehemu pekee walioijua kuliko wanaume. Uchafu tuliutoa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, tukifuta, hatukwangui.

Siku ya pili ya kufuta, upande wa kushoto wa kitako, yakaanza kutoka maandishi. Tulidhani mikwaruzo. Binti yangu akaleta taa ya simu akaimulika kwa ubavu. Yalikuwa ni herufi za Kiarabu, zimechongwa kwa msumari au ncha ya kisu, na mtu asiyekuwa na mkono mzuri. Neno la kwanza lilikuwa "amana". Baada yake, jina la babu yetu.

Ami alivua miwani akaifuta, akavaa, akasoma tena. Kisha akasema: "Nipigieni Ibra."

Kaka yake babu hakuiandika bunduki jina lake. Aliandika la mdogo wake. Si rahani wala mali yake. Amana, akijua kila mtu wa nyumba yake atakayeishika, atalisoma neno lile na hataweza kuiuza. Miaka ile ya shida watu waliuza mpaka vyombo vya ndani, na bunduki ingeleta bei nzuri. Haikuuzwa. Rupia za babu pengine hazikufika, pengine zilifika na zikaliwa na njaa ya mwaka mmoja, hakuna aliye hai wa kutwambia. Lakini neno "kadhulumiwa" halitasemwa tena nyumbani kwetu.

Kwenye simu, ndugu yetu wa Ibra alinyamaza kidogo, akasema: "Sisi tulikuwa hatujui kama imeandikwa. Baba alisema tu, si yetu." Ami akajibu: "Nasi tulikuwa hatujui. Tusameheane." Mimi nilitoka nje.

Nafikiri mara nyingi: kama tungempelekea yule fundi wa sokoni, mbao zingepigwa msasa na vanishi siku ya kwanza. Bunduki ingerudi inang'aa, na neno lingebakia kwenye vumbi la sakafu ya karakana.

Kuitunza

Mbao tulizipaka mafuta ya kitani, matone machache kwa kiganja, siku tatu. Tahadhari moja kubwa: tambara lenye mafuta ya kitani usilikunje ukalitupa kwenye pipa. Linajipasha moto lenyewe na linaweza kuwaka, khasa katika joto letu hili. Litandaze nje mpaka likauke kabisa, au liloweshe maji kwanza. Chuma tulikipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, safu nyembamba.

Usiiweke kwenye ala ya ngozi, ngozi huvuta unyevu. Usiitundike mbele ya kiyoyozi, maana chuma kikipoa kisha mlango ukafunguliwa hewa ya Maskati ikaingia, kitatoka jasho kama chupa ya maji baridi. Iweke mahali pakavu, pamefungwa kwa ufunguo kama leseni inavyotaka, na kila baada ya miezi michache ifute na uipake tena. Usiishike kwa mkono mtupu ukaiacha, jasho lina chumvi.

Siku ya arusi mwanangu aliingia nayo kwenye razha, haina mtambo ndani wala risasi, imeruhusiwa, na hakuna aliyepiga hewani. Wenziwe walikuwa na bunduki zinazong'aa kwa nikeli, yake ilikuwa nyeusi. Mzee mmoja wa Ibra akamsogelea, akamuuliza kwa nini hakuisafisha. Mwanangu akaigeuza kitako, akamwonesha lile neno. Kisha akamwonesha na ile sehemu ya ubavuni palipokosekana tarakimu, akasema: "Na hii ni kazi yangu mimi."